Siku ya Kuanza Kuhangaika

Katika parokia zetu za Kivu hakuna mwezi unaopita bila mmoja wenu, vijana, kufunga begi lake. Huyu anakwenda kwenye machimbo ya Kamituga, yule amepata kazi ya ualimu katika shule ambayo gari halifiki, mwingine anafuata mafuta ya mawese na mchele upande wa Shabunda, mwingine tena ametumwa kubeba chanjo hadi vijiji vya mwisho. Wengi huondoka peke yao. Na karibu wote, wanapoagana na wazazi mlangoni, husema neno lilelile: "Nitawapigia."

Nimelisikia neno hilo mara nyingi, na mimi mwenyewe nimelisema. Linasemwa kwa upendo, wala sitaki kulidharau. Lakini anayelisema anaahidi vitu ambavyo havimo mikononi mwake: rezo, umeme wa kuchaji, unite, hali ya njia, mvua. Na mzazi anayelipokea anabaki na ahadi isiyo na siku. Kesho jioni asiposikia sauti, je, ahuzunike? Na keshokutwa? Hana la kupimia. Kila saa ya kimya inaweza kuwa si kitu, na inaweza pia kuwa msiba.

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kuzungukia shule za msingi za msituni, katika teritwari za Mwenga na Shabunda, kupeleka fomu za takwimu na kuzirudisha Bukavu zikiwa zimejazwa. Watu wa mjini husahau ukubwa wa nchi hiyo. Teritwari ya Shabunda peke yake ina kilomita za mraba 25,000 hivi. Inakaribia ukubwa wa Rwanda nzima, na sehemu yake kubwa ni msitu na mito. Kutoka Bukavu unaweza kufika Kamituga kwa gari, mwendo wa kilomita karibu 180, ambao wakati wa mvua huweza kula siku mbili au zaidi. Ukivuka Kamituga kuelekea Kitutu, unapanda pikipiki; na ukiingia ndani zaidi, mwenye pikipiki mwenyewe atakuambia kwamba hapa ndipo mwisho wake, nawe utatwika begi kichwani. Waliokwenda Shabunda mjini walipanda ndege ndogo pale Kavumu, kama walikuwa na nauli. Mimi shule zangu zilikuwa mbali na uwanja wowote, kwa hiyo nilikwenda kwa miguu.

Huko rezo haienei kama mwanga wa jua. Inakaa mahali, kama kisima. Kila kijiji kinajua mahali pake: juu ya kichuguu fulani, nyuma ya kanisa, kwenye jiwe la pili ukipanda kilima. Katika kijiji kimoja vijana walikuwa wamesimamisha mwanzi mrefu wenye kamba. Unaandika ujumbe wako, unaitia telefone ndani ya mfuko wa plastiki, unaipandisha juu kama bendera ya shule, unangoja, kisha unaishusha kuona kama ujumbe umekwenda na kama wengine wameingia. Sauti haikupita kamwe kwa njia hiyo. Maandishi yalipita, kwa sababu ujumbe mfupi unatosheka na rezo hafifu ambayo mazungumzo hayawezi kuivumilia. Nilijifunza pia kuizima telefone kabisa niwapo njiani, maana telefone inayotafuta rezo bila kuipata hujichosha, na betri ya siku tatu inakwisha kwa usiku mmoja. Na mashine ya umeme ya kuchajia haiwashwi kila siku. Mara nyingi inangoja siku ya soko, au siku ambayo mafuta yamefika.

Lakini hata ujumbe uliopita una hila yake. Safari moja nilimwandikia mama maneno mawili: "Niko mzima." Niliyaandika siku ya Jumanne. Yakakaa ndani ya telefone, yakaondoka Alhamisi nilipopita karibu na kilima, yakafika Bukavu Ijumaa asubuhi. Wakati huo huo habari ilikuwa imefika mjini kwamba kijiji nilichokuwamo Jumanne kimeshambuliwa usiku wa Jumatano. Mama alishika telefone yake na hakujua maneno yale ni ya kabla au ya baada. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuondoka. Yeye alikaa siku mbili bila kujua, na ujumbe ulio mzuri ulikuwa mkononi mwake.

Tangu hapo kila ujumbe wangu huanza na siku na saa, halafu mahali, halafu hali yangu, halafu ninakoelekea, na mwisho siku ninayotazamia rezo tena. "Jumanne saa nane mchana. Kitutu. Mzima. Kesho naingia msituni. Hamtanisikia mpaka Jumatano ijayo." Unite ni zilezile. Wazee wetu wa ngoma walilijua jambo hili kabla yetu. Walokele wa kando ya mto Kongo, karibu na Kisangani, walitumiana habari kwa ngoma ya mti uliochongwa. John Carrington, mmisionari Mbaptisti Mwingereza aliyekaa Yakusu, aliichunguza ngoma hiyo na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1949. Alieleza kwamba ngoma haitoi herufi. Hutoa sauti ya juu na sauti ya chini tu, na maneno mengi ya lugha yao hufanana kwa sauti hizo. Kwa hiyo mpigaji hakupiga neno moja likaachwa hivyo. Alilizungushia maneno mengine, hata msikilizaji wa mbali asiweze kulichukua kwa jingine. Habari iliyosafiri mbali ilikuwa ndefu kwa makusudi.

Hata hivyo, jambo kubwa zaidi sikulipata kwa telefone. Nililirithi kwa baba.

Baba yangu hakuwa na telefone hata siku moja katika safari zake. Katika miaka ya 1980, wakati wa Zaire, alikuwa akinunua mafuta ya mawese huko Urega na kuyasukuma kwa baiskeli hadi Kamituga. Alikuwa akikosekana nyumbani majuma matano au sita. Usiku wa kuamkia safari, yeye na mama waliketi na kalenda ya parokia katikati yao. Alimtajia mama vijiji vitatu, na katika kila kijiji mtu mmoja: hapa mwalimu, pale katekista, kule mwenye duka. Kisha aliweka kidole juu ya Jumapili fulani akasema: "Jumapili hii ikipita sijarudi, wala hujasikia neno, anza kuhangaika. Kabla ya hapo, lala."

Tazameni hekima ya mtu ambaye hakumaliza shule ya msingi. Jumapili hiyo hakuiweka pale alipodhani atarudi. Akidhani majuma manne, alisema sita, ili mito, homa na wanunuzi wabishi wawe na nafasi yao. Tena hakuiacha siku ile ikae peke yake. Aliieleza pia kazi ya siku ile. Kwanza mama aende misioni aombe foni. Jibu lisipopatikana, mjomba ashike njia, aanzie kijiji cha katekista.

Ninyi mliozaliwa na telefone mkononi pengine hamjaiona foni ikifanya kazi. Ni redio kubwa ya mawimbi mafupi yafikayo mbali, yenye betri ya gari na, katika misioni zilizobahatika, bamba la jua. Kulikuwa na saa yake asubuhi na saa yake alasiri. Padri au mlinzi wa foni aliita misioni moja baada ya nyingine, na kila aliyewasha chombo chake alisikia yote. Hapakuwa na siri. Habari za mgonjwa, za mahari, za magunia ya saruji zilipita katika hewa moja, na watu walijifunza kusema polepole, kurudia majina mara mbili, na kunyamaza mwenzao anaposema. Mama alisema kwamba alipokuwa akingojea zamu yake pale dirishani, alijua habari za nusu ya dayosisi.

Kulikuwa na usiku ambapo majirani walikuja na uvumi: lori limepinduka, daraja limechukuliwa, kuna mtu wa Bukavu amekufa njiani. Mama aliitazama kalenda. "Siku yake haijafika," aliwajibu, akaendelea kuchambua maharage. Wengine walimwona mgumu wa moyo. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza, naye akanijibu kwamba moyo ulimwuma kama wa mwanamke yeyote, ila alikuwa amepewa ruhusa ya kulala, akaitumia, kwa kuwa kulikuwa na watoto wanne wa kulishwa asubuhi.

Mara moja tu Jumapili ile ilipita. Jumatatu alfajiri mama alikuwa misioni. Siku ya tatu jibu likaja kwa foni: katekista alikuwa amesikia kwamba baba yuko ng'ambo ya Elila, mto umejaa, mitumbwi haivuki, naye ana homa kali. Mjomba aliondoka siku hiyohiyo na dawa. Kwa sababu alijua jina la kijiji na jina la mtu wa kuulizwa, alimfikia ndugu yake kwa siku nne. Baba alikuwa hawezi tena kusimama. Angekuwa ni mtu wa kutafutwa tu "huko Urega", mjomba angeweza kuzunguka mwezi mzima, na mimi nisingekuwa na baba wa kunifundisha kusoma kalenda.

Sasa niseme juu ya yaya wangu, maana habari yake ni ya siku zenu zaidi kuliko ya baba. Alikwenda kuchimba dhahabu mwaka 2011. Alikuwa na telefone nzuri, na Kamituga rezo ilikuwapo. Miezi miwili alipiga kila Jumapili baada ya Misa. Kisha alinyamaza, na kimya kile kikaendelea kwa miezi minane. Namba yake haikupatikana. Mama, ambaye zamani alikuwa akilala kwa sababu ya kalenda, sasa hakuwa na kalenda. Alikuwa akiongeza sauti ya redio kila jioni zinaposomwa habari za mashimo yaliyoporomoka. Alijifunza majina ya machimbo yote bila kuyaona hata moja.

Tuliuliza kwa wasafiri. Tulitoa jina lake la ubatizo na jina la ukoo, na kila mtu alijibu kwamba hamjui. Aliyetutoa gizani ni mwanamke mmoja, mmoja wa akina mama twangaise ambao hutwanga mawe ya dhahabu kwa mchi, aliyekuja Bukavu kumwuguza dada yake. Alipoiona picha alicheka: "Huyu? Huyu ni Kinanda!" Shimoni hakuna aliyejua kwamba ana jina jingine. Alikuwa akipiga kinanda cha kwaya hapa parokiani, akalisimulia jambo hilo siku ya kwanza, nalo likawa jina lake. Watu mia wangeweza kutuambia aliko, kama tungeuliza juu ya Kinanda.

Alikuwa mzima. Telefone yake ilikuwa imeuzwa kulipa deni la chakula kwa mwenye shimo, yule ambaye kule huitwa pedeje. Angeweza kuazima ya mwenzake, na alikiri hivyo mwenyewe. Alichokosa ni cha kusema. Aliondoka akiahidi mabati ya nyumba, na baada ya miezi kumi hakuwa na hata bati moja. Kila Jumapili alijiambia atapiga juma lijalo, shimo likitoa. Mama alipompata hatimaye kwa telefone ya yule mwanamke, maneno ya kwanza ya yaya yalikuwa: "Mama, bado sijapata kitu." Naye mama akamjibu: "Nani amekuuliza kitu?" Kisha wote wawili wakanyamaza mpaka unite zikaisha.

Ninawaandikia hasa ninyi mlio katika hali ya yaya. Najua vijana wengi ambao kimya chao hakitoki kwenye rezo. Kinatoka kwenye mfuko mtupu. Wanaona haya kuita nyumbani mikono mitupu, na kadiri miezi inavyopita ndivyo haya inavyokua, hadi kupiga kunakuwa kugumu kuliko kuchimba. Sina dawa ya umaskini huo. Nasema tu kwamba nilikaa chumba kimoja na mama kwa miezi minane hiyo, na sikumsikia hata mara moja akitaja mabati.

Na pale ambapo njia zote zimekatika, zipo nyingine ambazo wengi hawazijui. Vita ilipofika Bukavu mwezi wa Oktoba 1996, watu walitawanyika katika njia za msitu, na shangazi yangu akapotezana na mwanawe wa kwanza. Habari yake ilirudi kwenye karatasi ya Msalaba Mwekundu: barua ya wazi, isiyofungwa, yenye habari za familia peke yake, iliyobebwa na watu wa kujitolea kutoka mkono hadi mkono. Kazi hiyo ya kuunganisha jamaa inaendelea hadi leo katika nchi yetu. Kijana anayekwenda mahali pa machafuko afadhali ajue jambo hilo kabla ya kulihitaji.

Nimesema mengi juu ya wanaobaki. Msafiri naye ana upweke wake, na hapo namkumbuka Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ambaye wamisionari wetu Wasaveri wamechukua jina lake. Alitweka kutoka Lisbon mwezi wa Aprili 1541 akafika Goa mwezi wa Mei 1542, safari ya miezi kumi na mitatu. Barua kati yake na wenzake wa Ulaya zilichukua mwaka, miaka miwili, pengine zaidi. Mwaka 1546, akiwa visiwa vya Maluku, aliwaandikia kwamba alikuwa amekata majina yao, waliyoyaandika kwa mikono yao wenyewe, kutoka katika barua zao, akawa anayabeba mwilini mwake daima. Si maneno ya barua, majina tu. Alifariki mwezi wa Desemba 1552 kwenye kisiwa cha Shangchuan, mbele ya pwani ya China. Miezi sita baadaye, Juni 1553, Mtakatifu Inyasi alimwandikia kutoka Roma kumwita arudi Ulaya. Aliandika kwa mtu aliye hai moyoni mwake, wala hakukuwa na njia ya kumjulisha.

Mimi katika begi langu nilikuwa na karatasi moja iliyokunjwa ndani ya plastiki, yenye namba nne za nyumbani zilizoandikwa na mdogo wangu kwa kalamu ya shule. Ilikuwa na faida yake ya kawaida, kwani telefone huanguka majini na huibwa, na wengi wetu hatujui tena namba ya mama kwa kichwa. Lakini nakiri kwamba usiku, katika nyumba za wageni za misioni, niliitoa karatasi hiyo hata nisipokuwa na haja ya namba.

Jambo moja la tahadhari. Si kila mtu anapaswa kujua njia yako. Katika sehemu ambazo watu wenye silaha wanatembea, usitangaze ndani ya gari siku utakayopita na kitu unachobeba, wala usiandike safari yako mahali ambapo wageni wanasoma. Mwachie habari kamili mtu mmoja nyumbani, au wawili, wenye kichwa kilichotulia, nao ndio watawapasha wengine. Hivyo unaokoa pia unite, kwa maana ukoo mzima ukitaka kupigiwa hutafika popote. Na ufikapo kijijini, jitambulishe kwa chifu, kwa katekista, kwa mwalimu mkuu. Wengine huliona jambo hilo kama desturi ya kupoteza muda. Mimi naona kwamba mtu aliyekuona ukila jioni ndiye atakayeuliza uko wapi asubuhi.

Mwezi uliopita mdogo wangu, yule wa karatasi ya namba, alipata nafasi ya ualimu ng'ambo ya Kitutu. Usiku wa kuamkia safari alianza kusema, "Mama, nitawa..." Mama akamkatiza. Alileta kalenda ya mwaka huu, akaiweka mezani. Alitaka jina la kijiji na la mwalimu mkuu. Alitaka kujua mtu wa kuulizwa pale Kitutu. Aliuliza pia, bila kucheka, "Na huko watakuita nani?" Mdogo wangu akasema kwamba hajui bado, atatuma ujumbe akishapewa jina. Kisha akaweka kidole juu ya Jumapili ya tarehe 19.

Leo ni Jumanne, tarehe 14. Ujumbe wa mwisho ni wa majuma mawili yaliyopita, kutoka Kitutu, wenye siku na saa. Majirani wameleta habari ya daraja lililovunjika. Mama amechukua jembe, amekwenda shambani.